Tarantula Kibete Anapokuwa Mkali: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Malalamiko huwa ni yale yale. "Nilipomchukua alikuwa mpole, sasa kila nikigusa kifuniko ananyanyua miguu." "Ametoka kama risasi, nusura apotelee chini ya kabati." "Amenirushia nywele, mkono unawasha hadi leo." Nimefuga tarantula wadogo, yaani buibui wenye manyoya, kwa miaka kadhaa na nimeulizwa maswali haya mara nyingi. Karibu kila mara, nikifuatilia, kasoro naikuta kwenye boksi au kwenye mkono wa anayemhudumia. Kwa mnyama mwenyewe huwa ni nadra.

Kwa hiyo kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini, zoea swali moja: ni nini kilitokea sekunde kumi kabla hajajihami? Mlango uligongwa? Ulimpumulia? Kibano kilimgusa mguu wa nyuma? Tarantula hawekei mtu kinyongo. Anajibu jambo lililomfika sasa hivi, na ukilijua jambo hilo umeshafika katikati ya dawa.

## Kwanza, ujue wako ana silaha gani

Tarantula kibete ni wale ambao wakishakua, ukiwapima toka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa upande wa pili, kwa kawaida hawazidi sentimita 10. Wengi wako kati ya 4 na 8. Silaha ya kwanza ya wote ni mbio. Zinazofuata hutofautiana.

Jenasi (makundi ya spishi za karibu) Cyriocosmus na Hapalopus, zote za Amerika, zina nywele za kuwasha tumboni ambazo mnyama huzirusha kwa miguu ya nyuma. Lakini usidhani kila wa Amerika anazo. Neoholothele incei wa Trinidad na Venezuela hana, na Dolichothele diamantinensis wa Brazili, yule wa rangi ya samawati, naye hana. Heterothele villosella wa Tanzania hana pia, kama ilivyo kwa tarantula wote wa Afrika na Asia. Asiye na nywele hubakiwa na mambo mawili tu: kukimbia na kuuma. Ndiyo maana mfugaji aliyezoea Cyriocosmus hushtuka akimpata Neoholothele, maana kile kituo cha katikati cha kurusha nywele hakipo.

## Ananyanyua miguu ya mbele na kufunua meno kila boksi likifunguliwa

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Mnyama hujiinua, miguu ya mbele huenda juu, kisha hufuata pedipalpi, ile mikono midogo miwili iliyo kando ya mdomo, halafu meno hufunguka. Akiendelea kusumbuliwa hupiga ardhi kwa miguu. Kuuma huja mwisho. Kila hatua ni onyo, na uzuri wa kiumbe huyu ni kwamba anakuonya kabla.

Mtikisiko na pumzi. Ana macho manane lakini haoni vizuri. Dunia yake ni mitetemo, anayoipokea kwa miguu na kwa vinyweleo vyembamba vinavyonasa hata mpepeo mdogo wa hewa. Kifuniko kinachobana kikifunguliwa kwa nguvu, kwake ni tetemeko la ardhi. Pumzi yako ikimfikia, anajua kitu kikubwa chenye uhai kiko juu yake.

Uchunguzi wake ni rahisi. Weka glasi ya maji palepale boksi linapokaa, kisha mwambie mtu atembee, afunge mlango, awashe redio. Maji yakitikisika, boksi lihamie kwingine. Nilikuwa na jike la Cyriocosmus elegans, mdogo hata kifuniko cha chupa ya maji angekienea vizuri, mwenye mistari ya rangi ya chungwa tumboni. Kila asubuhi nilimkuta amejibana kwenye kona, miguu ya mbele imeinuka nusu, na hakuna aliyemgusa. Nilibadilisha udongo, nikabadilisha unyevu, nikabadilisha chakula. Siku moja nikiwa nimekaa karibu yake, mtu akafunga mlango wa kabati lile lile alilokuwa juu yake. Nikaona miguu ikipanda. Nilimhamishia kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, na baada ya wiki moja alikuwa akikaa mdomoni mwa shimo lake ametulia, miguu miwili nje. Udongo niliobadilisha bure naujutia hadi leo, maana kila badiliko lilimsumbua upya.

Kama mahali ni tulivu na tatizo linabaki, shughulikia kifuniko chenyewe. Kilegeze kabla, kifungue polepole, geuza uso upande unapopumua.

Hana pa kujificha. Tarantula wadogo wengi ni wachimbaji na wafumaji wakubwa wa utando. Ukimweka kwenye udongo wa sentimita 3 na kipande kimoja cha gome, umemwanika hadharani. Anayekosa mlango wa kukimbilia hana budi kusimama na kupigana. Mpe udongo wa kina cha sentimita 8 hadi 10 au zaidi, uliogandamizwa ili shimo lisiporomoke. Chenga za makumbi zikichanganywa na udongo mkavu usiotiwa mbolea zinafaa. Mwanzishie shimo kwa kidole kwenye kona, chini ya gome lililoinamishwa, kisha tawanya majani makavu na vijiti vya kushikizia utando. Ukishafanya hivyo, usimbomolee tena. Utando unaouona kama uchafu ndio ukuta wake na ndio kengele yake.

Amehamishwa karibuni. Mpe wiki mbili. Maji tu, na chakula baada ya siku kadhaa. Usimfungulie "kumwangalia anaendeleaje".

Joto au unyevu umekosewa. Nyuzi 22 hadi 27 za Selsiasi zinawatosha wengi wao. Mkeka wa joto chini ya boksi ni kosa kubwa: yeye huchimba ili apate ubaridi, wewe unamchoma kutoka chini. Udongo ukiwa umeloa chepechepe utamwona amening'inia ukutani kutwa, na aliye ukutani hana pa kukimbilia isipokuwa mkononi mwako.

Ni tabia yake. Hii niiweke mwisho, nawe ifikirie mwisho. Wapo ambao, hata kila kitu kikiwa sawa, hunyanyua miguu wakiona kivuli tu. Tumia kibano cha sentimita 25 au 30, na mkubali alivyo.

Akishanyanyua miguu, usimpulizie, usimsukume kwa brashi, usimwonyeshe mgeni. Rudisha kifuniko taratibu. Kazi iliyokuwa ifanyike itafanyika baada ya saa moja.

## Anarusha nywele, au tumbo lina upara

Zifikirie kama upupu. Hazihitaji kuonekana ili zikuwashe. Zikishasambaa zimo kwenye udongo, kwenye utando na kwenye kifuniko, na zinaendelea kuwasha muda mrefu baada ya yeye kutulia.

Sababu ya kawaida ni kuguswa kwa nyuma. Brashi ikigusa tumbo au miguu ya nyuma, mwili hujibu wenyewe. Nyingine ni mdudu wa chakula aliyeachwa ndani akizungukazunguka usiku kucha. Mtoe asipoliwa ndani ya saa 24. Halafu kuna mitikisiko niliyoeleza juu.

Upara una faida moja kwa mfugaji: ni daftari la usumbufu. Nywele zilizorushwa hazioti tena mpaka ajivue gamba. Piga picha ya tumbo leo, piga nyingine baada ya wiki mbili. Upara ukiwa umepanuka, usumbufu bado upo, hata kama hujawahi kumwona akirusha. Ukiwa vile vile, tatizo limeisha. Ukiona upara unageuka kuwa mweusi na kung'aa, hapo anakaribia kujivua gamba, ni jambo jema na usimguse.

Zikikupata kwenye ngozi, usikune. Bandika utepe wa gundi (selotepu), bandua, rudia mara kadhaa, kisha osha kwa maji baridi na sabuni. Kwa kusafisha boksi la zamani la Cyriocosmus au Hapalopus, vaa glavu, miwani na barakoa, na uloweshe udongo kidogo kabla ya kuutoa ili nywele zisiruke.

## Anachomoka mbio kifuniko kikifunguka

Hapa ndipo tarantula wengi wadogo hupotea au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa kawaida sababu ni mwanga wa ghafla juu ya mnyama aliyekuwa nje ya shimo. Kwa hiyo sheria ya kwanza: usifungue mpaka umejua yuko wapi. Mulika kwa pembeni kupitia ukuta wa boksi. Kama yuko nje, gonga polepole kwa ukucha upande ulio mbali na shimo, umpe nafasi arudi ndani mwenyewe. Kama yuko kwenye kifuniko, na wafumaji huwa huko, usikiinue. Subiri.

Sababu ya pili ni boksi lenyewe. Kifuniko kikiwa sambamba na utando, kila ukifungua unampasulia paa. Chagua boksi linalofunguka sehemu ndogo tu, au weka mlango mdogo wa kulishia. Halafu kagua mianya. Tumbo linajibana, lakini lile gamba gumu la mbele, linalobeba macho na miguu, halijibani. Mwanya wowote linapopita, mnyama mzima anapita. Kwa kichanga cha milimita chache, hata tundu la hewa ni geti.

Sababu ya tatu ni namna unavyomwongoza. Ukimgusa nyuma, huruka mbele. Kwa hiyo kabla ya kumgusa mguu wa nyuma kwa ncha ya brashi laini, hakikisha mbele yake kuna kopo, si mkono wako.

Unapomhamisha, fanya kazi yote ndani ya beseni au boksi kubwa lenye kuta ndefu. Weka kopo la uwazi mkononi, funga mlango wa chumba, ziba mwanya wa chini kwa taulo, ondoa paka na mbwa. Akichomoka, kopo lishuke taratibu juu yake. Usilipige chini: miguu hukatika kirahisi. Akipanda brashi hadi mkononi, usiukung'ute mkono. Najua mwili unataka kuukung'uta. Teremsha mkono ndani ya beseni na umwache ashuke. Tumbo lake ni mfuko mwembamba uliojaa majimaji, na kuanguka toka kimo cha meza kunaweza kulipasua. Akivuja majimaji mengi, mwite mara moja daktari wa wanyama mwenye uzoefu na buibui. Usimpake gundi uliyosoma mahali.

Ametoweka kabisa? Simama ulipo. Tazama ulipokanyaga kabla ya kusogeza mguu. Tafuta kwenye kingo za kuta, nyuma ya samani, ndani ya viatu, kisha rudia usiku kwa tochi maana ndio wakati wake wa kutembea. Weka sakafuni kikombe cha udongo wenye unyevu kilicholazwa ubavu. Wala usipulize dawa ya wadudu chumbani, kwa sababu hiyo itamwua.

## Anavamia kibano au maji

Huyu mara nyingi si mkali, ana njaa. Tofauti iko kwenye mwili. Anayejihami hujiinua na kubaki alipo, kama anayekuambia "ishia hapo". Anayewinda hujilaza chini na kutoka mbele kwa mruko mmoja, akakumbatia alichokipata. Mfululizo wa matone ya maji yanayodondoka karibu na utando ni sawa na mdudu anayetembea.

Mimina maji kwenye ukingo wa mbali na shimo, kidogo kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Gusa utando kwa unyasi kabla ya kuingiza kibano, aje auguse na kugundua si chakula. Funika ncha za kibano kwa mpira laini kama anaking'ata, maana meno yanaweza kuvunjika kwenye chuma. Mdudu wa chakula asizidi ukubwa wa tumbo lake. Mdudu mkubwa humfanya ajihami mbele ya chakula chake mwenyewe, na hapo mfugaji hudhani mnyama ni mgonjwa.

## Alikuwa mtulivu, amebadilika ghafla

Kwanza fikiria kujivua gamba. Hukataa chakula, tumbo hunenepa na kuwa jeusi, huziba mlango wa shimo, na anayesumbuliwa hapo hujihami kuliko kawaida yake. Ondoa wadudu wote hai, acha maji, acha kila kitu. Akilala chali miguu juu, hafi. Anajivua gamba, na kumgeuza wakati huo ndiko kunakoua. Baadaye meno huwa meupe, kisha mekundu, kisha meusi. Usimlishe mpaka yawe meusi, yaani kama wiki moja au zaidi kwa mkubwa.

Kama ni jike lililokuwa na dume, fikiria mfuko wa mayai. Atakaa juu yake na hatarudi nyuma hatua moja. Usimfungulie kwa lolote isipokuwa maji.

Kama ametoka kwenye gamba jipya akiwa mwembamba, miguu mirefu, na ncha za pedipalpi zimevimba kama glavu za bondia, hilo ni dume lililokomaa. Linazunguka usiku kucha likitafuta jike na halina subira. Halitarudi kuwa lile la zamani. Kwa spishi hizi ndogo madume mengine hufika hapo ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo mfugaji hushangaa kumwona "mtoto" wake amekuwa mzee.

Zisipokuwa hizo tatu, angalia udongo kwa karibu: utitiri mweupe unaotembea, ukungu, harufu mbaya. Hayo humfanya atoke shimoni na kukosa raha.

## Hajihami kabisa

Watu huniandikia wakifurahi kwamba tarantula wao "amezoea". Dalili hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote.

Kukaa amejinyoosha bapa sakafuni akiwa na afya ni kawaida. Lakini miguu ikiwa imejikunja chini ya kifua, kama ngumi iliyofumbwa, amka. Miguu ya buibui hunyooshwa kwa msukumo wa majimaji ya mwili, na majimaji yakipungua hujikunja. Sababu ya kawaida ni ukosefu wa maji. Msogeze polepole ili mdomo tu uguse ukingo wa maji kwenye kisahani. Usimzamishe tumbo, kwa kuwa mapafu yake yako chini ya tumbo.

Kama anatetemeka, anarusharusha miguu bila mpango, anatembea kama aliyelewa, shuku sumu. Dawa ya mbu ya kupuliza au ya kuchoma, dawa ya viroboto uliyompaka mbwa kisha ukashika udongo, wadudu wa chakula waliookotwa bustanini palipopulizwa dawa. Mhamishie kwenye chombo kipya chenye karatasi safi yenye unyevu, chumba chenye hewa.

Ute mweupe mzito kuzunguka mdomo pamoja na kukataa chakula unaweza kuwa minyoo. Ugonjwa huo huambukiza boksi hadi boksi. Mtenge mara moja, vyombo vyake visiguse vya wengine.

Kwa hizi mbili za mwisho usijaribu dawa za kubuni nyumbani. Tafuta daktari wa wanyama anayewajua buibui, na umpelekee picha za video.

## Acha kila kitu, tafuta daktari wa binadamu

Akikuuma, usimvute. Shusha mkono chini, subiri aachie. Osha kwa sabuni na maji, weka kitu cha baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Kwa wengi wa Amerika maumivu hufanana na ya kuumwa na nyuki. Wa Afrika na Asia, hata akiwa mdogo, usimchukulie hivyo: tarantula wa huko wapo ambao sumu yao huleta mikakamao ya misuli.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiona:

- kupumua kwa shida, midomo au uso kuvimba, au vipele mwili mzima;
- misuli kukakamaa, kifua kuuma au moyo kwenda mbio;
- wekundu unaoenea au usaha baada ya siku moja au mbili;
- aliyeumwa ni mtoto mdogo, au mtu mwenye historia ya mzio mkali.

Nywele zikiingia jichoni, usilifikiche hata mara moja. Zina vimiba, na kila ukifikicha zinazama zaidi. Toa lenzi kama unavaa, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda, kisha nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama muwasho umepungua. Mwambie wazi kwamba ni nywele za tarantula, maana ni nyembamba mno na anahitaji kuzitafuta kwa hadubini ya macho. Jina la kisayansi la mnyama wako liandike na kulibandika kwenye boksi leo, ili siku hiyo usilikumbuke kwa kubahatisha.